Gulio la Jumapili la Kochi, na samaki wawili wa jioni

Nimekulia Lushoto, kwenye nyumba ya mama muuza plamu na mboga. Tangu darasa la pili naujua uzito wa tenga kichwani alfajiri. Najua fungu linavyopangwa mazuri yakakaa juu na yaliyopondeka yakajificha chini, na najua mteja anavyosema "niongezee basi, mama" huku mkono umeshafika kwenye nyanya. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue mizani ninayopimia, kwa sababu soko ninalotaka kulisifu hapa nimelipima kwa mizani hiyo hiyo.

Soko lenyewe liko Kochi, kusini mwa kisiwa cha Shikoku, Japani, mji ambao tunaishi mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka minane. Wenyeji wanaliita Nichiyoichi, yaani gulio la Jumapili, nalo lina umri wa kutisha: limekuwapo tangu mwaka 1690. Linaanzia mbele ya lango kuu la ngome ya Kochi na kunyooka kama kilomita moja kwenye barabara ya Otesuji. Upande mmoja wa barabara hufungwa magari, na karibu vibanda 300 hupangwa chini ya miti. Linafunguka kama saa kumi na mbili asubuhi na kumalizika saa tisa alasiri. Ukitoka stesheni ya treni unatembea robo saa umefika.

Nimekwenda mara nyingi, ila nitaisimulia siku moja, Juni 30 iliyoangukia Jumapili, maana siku hiyo asubuhi yake ni ya gulio na jioni yake ni ya sikukuu inayoitwa Wanuke-sama, yenye michezo ya watoto. Ukipata tarehe hizo mbili zikakutana, usilale.

Tulifika saa moja kasorobo. Ni msimu wa mvua, manyunyu yalikuwa yanashuka, na wauzaji walikuwa wameshafunika vibanda kwa turubai. Jambo la kwanza linalonifurahisha kila ninapofika ni kwamba nusu ya wauzaji ni mabibi, wa umri wa miaka sabini na zaidi, wamevaa aproni na kofia za kufunika shingo, wamekaa kwenye viti vidogo nyuma ya meza. Wengi wanauza walichokilima wenyewe. Kwenye kila fungu kuna kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkono bei na jina la mahali mzigo ulipotoka. Nyanya imeoshwa. Vitunguu vimekatwa mizizi sawasawa. Na ndiyo, nimesema fungu. Huku pia wanauza kwa fungu, wanaliita "hitoyama", mlima mmoja, limepangwa kwenye kisahani cha plastiki au kikapu. Siku ya kwanza nilipolisikia neno hilo nilimpigia mama simu kumwambia tu hilo.

Bibi ninayenunua kwake ana kibanda karibu na katikati ya gulio. Hajui jina langu wala mimi silijui lake. Yeye ananiita "okaasan", mama, kwa kuwa ananiona na mtoto. Mimi namwita "obaachan", bibi. Siku hiyo alikuwa na bamia. Huku bamia hufungwa kwenye kifuko cha neti ya kijani, nane au tisa kwa neti, kama vito vya thamani. Kochi ni miongoni mwa sehemu zinazolima bamia kwa wingi Japani, na jina lake wanatamka "okura". Nilichukua neti mbili, yeni 300 jumla. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, bibi nimwamkie vipi?" Nikamwambia asalimie kama anavyomsalimia mwalimu wake, na kichwa akiinamishe kidogo. Akafanya hivyo. Bibi akaweka mikono yote miwili kifuani, akasema kitu cha Kochi ambacho sikukinasa, kisha akachukua tango moja na biringanya tatu ndogo akazitia kwenye mfuko wetu. "Omake," akasema.

Omake ndiyo ile nyongeza yetu. Tofauti yake ni kwamba huku haiombwi. Bei imeandikwa, na bei iliyoandikwa ndiyo utakayolipa, hakuna kupatana. Miezi yetu ya mwanzo niliwahi kumwambia muuza tangawizi aniongezee, kwa mazoea. Aliniongezea, lakini nikaona uso umebadilika, kama mtu aliyekuwa ameficha zawadi nyuma ya mgongo halafu ukamwambia unajua alichokishika. Tangu siku ile nanyamaza. Na kwa kunyamaza napewa zaidi: limau, fungu la shiso, majani ya kiungo yenye harufu, mara moja mche wa pilipili uliokuwa umekatika ncha. Kwetu nyongeza ni haki ya mteja anayejua kusema. Huku imebaki mkononi mwa muuzaji, anaitoa anapopenda. Mimi niliyelelewa na nyongeza ya kuombwa nimeipenda hii ya kusubiri, ingawa najua mama angesema imempotezea mteja utamu wa soko.

Matunda ya mwisho wa Juni ndiyo sababu kubwa ya kwenda siku hizo. Yamamomo hutoka kwa siku chache sana. Ni tunda dogo la ukubwa wa gololi, jekundu linaloelekea rangi ya zambarau, na ngozi yake ni vipunje vipunje kama fursadi, ndani ina kokwa moja. Likishachumwa linaanza kuharibika siku hiyo hiyo, ndiyo maana ni nadra kuliona katika miji ya mbali. Bibi mmoja alikuwa na trei sita tu, yeni 500 kila moja. Alituelekeza tuliloweke kwenye maji ya chumvi kabla ya kula. Ladha yake inaanza na ugwadu mkali unaokukunja mashavu, kisha utamu unakuja pole pole kutoka nyuma ya ulimi. Binti alikula trei karibu nzima kwenye benchi, na vidole vikawa vyekundu mpaka jioni.

Pia kuna konatsu, jamii ya chungwa, la manjano, ambalo msimu wake unakuwa unaisha wakati huo. Ukilimenya kama chungwa la kwetu utalilaani bure. Linamenywa kwa kisu kama embe bichi, unaondoa ganda la juu jembamba tu, ule weupe wa chini yake unauacha, kisha unakata vipande kuzunguka moyo na kula pamoja na huo weupe. Weupe wenyewe ndio mtamu, nyama ya ndani ndiyo kali, na vikikutana mdomoni vinapatana. Muuzaji alitukatia kipande cha kuonja bila kuombwa. Tukanunua fungu la saba.

Kuhusu chakula cha kula pale pale: viazi vitamu vilivyovikwa unga na kukaangwa ndivyo maarufu kuliko vyote, na foleni yake utaiona kabla hujakiona kibanda. Tulisimama karibu nusu saa. Ganda ni nene, limetiwa sukari kidogo, kiazi ndani laini kama kimechemshwa. Ni vizuri, na kwa mtu aliyekulia kwenye viazi vitamu nasema vizuri kwa dhati, ila foleni ya nusu saa kwenye manyunyu na mtoto sitaisimama tena. Nenda saa moja asubuhi au uviache. Kinywaji cha kushushia ni hiyashi ame, maji baridi ya sukari na tangawizi. Kochi ndiyo inayoongoza Japani kwa kulima tangawizi, na kinywaji hiki kinakufanya uamini. Kinawasha kooni kama tangawizi ya Ramadhani nyumbani.

Kilichonishangaza zaidi ni sushi ya mboga, wanaiita inaka-zushi, sushi ya shamba. Badala ya samaki, wali umefunikwa na chipukizi la mwanzi, uyoga, au miyoga, ambayo ni jamii ya tangawizi inayoliwa tumba lake la rangi ya waridi. Siki ya wali wake ni maji ya yuzu, limau la huku lenye harufu ya kukata akili. Sisi ni Waislamu, kwa hiyo huwa nauliza kama wali au mboga zimetiwa mirin au sake, pombe za mchele, na mara nyingi zimetiwa. Muuzaji wa siku hiyo alinijibu kwa uaminifu kwamba uyoga wake umepikwa kwa mirin lakini miyoga ameiloweka kwenye siki na sukari tu. Tukachukua ya miyoga. Ukiwa na swali la namna hii uliza bila haya, andika neno kwenye simu ukamwonyeshe, sijawahi kukasirikiwa.

Visu nitavitaja kwa kupita. Kochi ina wahunzi wa zamani, na vibanda vya zana vipo, vyenye mundu, shoka na visu vya jikoni. Nilinunua kisu cha mboga, na muuzaji alinionyesha kwa kukata gazeti kwa uzito wa kisu chenyewe, bila kusukuma. Kifungwe vizuri na kibaki kimefungwa mpaka nyumbani, sheria ya kutembea na visu huku ni kali.

Dosari ninayo. Sehemu iliyo karibu na ngome imeanza kujaa vitu vya watalii, na kuna kibanda kimoja nilichouziwa pakiti ya uyoga mkavu ambao ndani yake nusu ulikuwa na vumbi la kuoza. Nilirudi Jumapili iliyofuata nikaambiwa nimeutunza vibaya. Nilikuwa nimeufungua siku ile ile. Ushauri wangu ni rahisi: nunua kwa aliyeandika jina la kijiji chake kwenye boksi na ambaye mikono yake ina udongo kwenye kucha. Ukitaka kuona uaminifu wa watu hawa kwa ujumla, toka mjini uende vijijini utafute vile vibanda visivyo na muuzaji. Mboga zimewekwa, kisanduku cha pesa kimewekwa, unachukua na kulipa mwenyewe. Kochi wanaviita ryoshin-ichi, soko la dhamiri.

Saa tisa tukarudi nyumbani, tukalala, tukaamka Alasiri karibu inatupita. Jioni ndiyo Wanuke-sama. Mahekalu mengi ya Kishinto, dini ya jadi ya Japani, katika mji huu huweka siku hiyo pete kubwa ya majani, ndefu kuliko mtu, na waumini hupita ndani yake kwa mzunguko wa namba nane ili kujisafisha na makosa ya nusu mwaka uliokwisha. Sisi tulisimama pembeni, kwa heshima, tukaangalia. Hakuna aliyetuuliza kwa nini hatupiti. Kisha tukashuka ngazi kwenda kwenye njia ya vibanda, na hapo ndipo binti alipokuwa ameuweka moyo wake tangu Machi.

Vibanda vya michezo vinafuatana na vya chakula, taa za umeme zinaning'inia, moshi wa tambi za kukaanga unakuingia machoni. Kuna kulenga zawadi kwa bunduki ya kizibo, kurusha pete, kuvua maputo yenye maji kwa ndoano iliyofungwa kwenye kamba ya karatasi, na kuchonga umbo kwa sindano kwenye kipande chembamba cha unga na sukari bila kulivunja. Na kuna kuvua samaki wekundu, kingyo sukui.

Huu ndio mchezo nitakaoueleza kwa kirefu, kwa sababu nimeuona watoto wengi wakiupoteza ndani ya sekunde kumi na hakuna aliyewaambia kitu. Unalipa, tulilipa yeni 300, unapewa bakuli dogo na chombo kinachoitwa poi: duara la plastiki lenye mkono, limebandikwa karatasi nyembamba sana. Mbele yako kuna beseni pana la samaki wadogo. Unatakiwa uwachote kwa karatasi hiyo. Karatasi ikichanika, basi.

Poi ya kwanza ya binti ilikufa papo hapo. Alimkimbiza samaki mkubwa kwa nyuma, mkia ukapiga, karatasi ikafunguka kama dirisha. Akaniangalia, midomo imeanza kutetemeka. Mzee mwenye kibanda, ambaye mpaka wakati huo alikuwa hasemi, akachuchumaa upande wake wa beseni akamwonyesha kwa mkono mtupu. Kwanza lowesha karatasi yote kwa mara moja, maana ikilowa nusu itachanikia pale penye mpaka wa maji na ukavu. Upande uliobandikwa karatasi uwe juu. Ingiza chombo kwa mshazari, kama kisu kinavyoingia kwenye andazi, usikipige bapa juu ya maji. Kisha kipeleke chini ya samaki aliyetulia karibu na uso wa maji, ukielekea kichwani, na mkia wake uache utokeze nje ya karatasi. Bakuli liwe karibu kabisa na maji, ili safari ya samaki hewani iwe fupi.

Nikalipa yeni 300 nyingine. Binti alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona amekaa kimya. Nilikuwa nimeshika kiwiko cha mkono wake, nikakiachia. Samaki mdogo mwekundu akapanda pembeni mwa beseni, chombo kikaingia chini yake bila kutikisa maji, na akawa bakulini. Kulikuwa na sauti ndogo tu, kama tone la maji kwenye ndoo. Wa pili alikuwa mweusi mwenye macho yaliyotoka nje, wanamwita demekin, na karatasi ilichanika huku ameshafika ukingoni. Alianguka bakulini kwa bahati. Mzee akahesabu kwa sauti kubwa "ni-hiki!", samaki wawili, mpaka watu wa kibanda cha jirani wakageuka. Akawatia kwenye mfuko wa plastiki wenye kamba nyekundu.

Kibanda hiki nakipa alama zote. Niliona mtoto wa miaka mitatu hivi aliyeshindwa kabisa, naye akapewa samaki mmoja. Mtoto haondoki mikono mitupu, na mwenye kibanda anafundisha kwa moyo. Mchezo wa bunduki ya kizibo nao ni mzuri kama utaelekezwa: vuta kwanza mtambo wa hewa, ndipo ukandamize kizibo, na ulenge kona ya juu ya boksi dogo. Maboksi makubwa hayaanguki, usimpe mtoto matumaini.

Mchezo ninaoukataa ni ule wa kuvuta kamba. Kamba nyingi zimefungwa pamoja, upande wa pili kuna zawadi, na mbele kabisa wameweka mashine ya michezo ya bei kubwa. Unalipa, unavuta, unapata kinachokuja. Tulisimama pale dakika kumi na tano, watoto kama ishirini wakavuta, na wote walipata filimbi na raba za kufutia. Binti alinisihi. Nilimwambia hapana, hii ni kamari, na kwenye beseni mkono wako ndio uliofanya kazi. Alinuna hadi tulipofika kwenye barafu ya kusaga, kisha akasahau.

Sasa mambo ya nyumbani, ambayo vibandani hayasemwi sana, na samaki wengi hufa kwa kutoyajua. Maji ya bomba yana klorini. Tulikuwa tumejaza ndoo toka siku iliyotangulia tukaiacha wazi kwenye baraza, kwa kuwa jirani yetu, bibi wa nyumba ya chini, alituonya. Ukichelewa, nunua dawa ya kuondoa klorini dukani. Mfuko unaelea kwanza ndani ya ndoo bila kufunguliwa, nusu saa, ili joto la maji lilingane. Siku mbili za mwanzo usiwalishe kitu. Hilo ndilo gumu zaidi kwa mtoto. Binti alikuwa na punje za chakula mfukoni, ilibidi nizichukue. Kama huna nafasi ya beseni na pampu ya hewa, mwambie mwenye kibanda awarudishe. Wengi hukubali, na hakuna aibu.

Mwekundu alikufa siku ya nne. Tulimzika chini ya mche wa pilipili wa omake. Demekin yuko hai, amevimba tumbo kwa afya, na jina lake ni Bamia.

Ukipanga safari: gulio halifanyiki Januari 1 na 2, wala siku za tamasha la ngoma la Yosakoi mwezi Agosti. Beba sarafu na noti ndogo, mabibi wengi hawana mashine ya kadi, na beba kapu lako. Jumapili iliyofuata nilimpelekea obaachan bakuli la bamia nilizozipika kwa nazi ya kopo. Alikula kijiko kimoja amesimama, akafunika, akaliweka chini ya meza penye kivuli, kisha akaanza kuchagua biringanya.